Mzee Oro Ashuka Tena

Jumapili, 12 Mei 2024

Nimefika Ihanja mchana. Likizo yangu nimeiweka kwenye mavuno ya alizeti, kama mwaka juzi. Nimefikia kwa kaka yangu Laurian. Mkewe yuko Manyoni kwa binti yao aliyejifungua, kwa hiyo nyumba iko mikononi mwa Evodia, binti wa mwisho, mwenye miaka ishirini na minne.

Habari kubwa nimepewa kabla sijavua viatu. Kiwanja cha barabarani, alichotuachia baba, kinauzwa. Mnunuzi ni Bwana Gaspari wa Singida mjini, anataka kujenga kituo cha mafuta. Kaka yetu mkubwa, Simeoni, ameshampa neno. Kinachosubiriwa ni alizeti iliyo juu yake iondoke, kisha mwenyekiti wa kijiji aje kushuhudia.

Evodia ana banda lake la gemu kwenye kona ya kiwanja hicho. Ndilo linalomlisha. Nikamuuliza Laurian banda litakwenda wapi.

"Kaka ameshasema," akajibu.

Sikuuliza kaka amesema nini. Niliuliza banda litakwenda wapi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekwenda kumsalimia Simeoni. "Shikamoo kaka." "Marahaba, mwandishi." Ana miaka sitini na nane na bado anafunga mbuzi mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu kiwanja.

"Wewe uliolewa Kondoa, unaishi Dodoma, ardhi unaiona magazetini," akasema. "Laurian amekubali. Hayo ni yetu sisi tunaoshika jembe."

Mkewe, wifi Esta, akanipa uji wa uwele na kunitazama kwa jicho la usijisumbue.

Jumatano, 15 Mei

Upepo. Tumekata vichwa vya alizeti hadi saa saba. Mgongo.

Alhamisi, 16 Mei

Jioni nimeingia bandani kwa mara ya kwanza. Nilitarajia vijana na mpira. Mpira upo, lakini mchana. Ikifika saa kumi na mbili Evodia anawafukuza wachezaji wa mpira na kuweka kitu kingine, na banda linajaa watu wazima. Yupo Janeth anayeuza vitumbua stendi. Yupo Gasto wa bodaboda. Na kwenye kiti cha mbele, mikono magotini, yupo Laurian, kaka yangu ambaye sikuwahi kumwona akimaliza hata taarifa ya habari.

Ni gemu la hadithi. Jina lake la Kizungu ni refu. Hapa wanaliita Meli ya Nyota. Liko katika sehemu tatu. Mchezaji ni kapteni wa meli inayosafiri kati ya dunia na dunia, na ana mabaharia wake: rubani mmoja mkorofi, daktari mmoja mpole, na fundi wa mitambo, kiumbe mzee mwenye mikono minne na ngozi kama jabali. Fundi anaitwa Oro. Hapa ni Mzee Oro, na Janeth humwamkia akitokea kwenye kioo cha runinga.

Mchana Evodia anapigana vita peke yake. Jioni yanabaki mazungumzo, na hayo ndiyo watu wanayoyafuata. Mtu wa kwenye meli anasema jambo, Evodia anatafsiri, kisha anasoma majibu ambayo kapteni anaweza kutoa. Banda linajadili na kuamua, Evodia anabonyeza.

Nikamuuliza wamefika wapi.

"Tumeanza upya, shangazi. Ya kwanza na ya pili tulishamaliza."

"Sasa mnarudia nini, na mwisho mnaujua?"

"Mwisho hatuujui. Tunajua ule tulioupata." Akaeleza bila kuondoa macho kwenye kioo: mashine inakumbuka kila jibu, na sehemu moja inarithi yaliyofanyika katika nyingine. Mwishoni mwa ya kwanza, Mzee Oro alishuka kwenye meli akaenda zake. Katika ya pili, mtambo uliharibika na hapakuwa na fundi. Walikufa wote. Sehemu ya tatu anayo kwenye boksi, hajaifungua.

"Siwezi kuanza ya tatu na maiti," akasema.

Jumamosi, 18 Mei

Nimerudi bandani. Najiambia ni kwa sababu ya joto la nyumbani, lakini nyumbani hakuna joto, ni Mei.

Nataka kuelewa kwa nini Oro anaondoka. Kila mtu ana maelezo yake. Janeth anasema alitukanwa na rubani. Gasto anasema wazee wote ni hivyo, wakishiba wanaondoka. Laurian anasema mahali fulani kapteni alimkosea heshima, na safari hii watakuwa waangalifu zaidi.

Leo Oro alitaka meli ipite njia ya mbali. Evodia akasoma: "Tumwambie, 'Sawa mzee, tufuate njia yako,' au tumwambie, 'Hapana, mafuta hayatoshi'?"

"Mkubwa hajibiwi hapana," akasema Laurian, na banda zima likaitikia. Walipita njia ya mbali. Mafuta hayakutosha.

Jumatano, 22 Mei

Magunia ya vichwa vya alizeti yamejaa uani. Gaspari amepita na gari jeupe, akateremsha kioo, akauliza mavuno ya kiwanjani yanaisha lini. Laurian akamjibu, "Muda si mrefu, bosi." Gari lilipoondoka alibaki amesimama palepale, ameshika kofia.

Jumapili, 26 Mei

Mzee Oro ameshuka tena.

Nilikuwepo. Meli ilitia nanga bandari ya mwisho. Oro akafungasha vifaa vyake kwa mikono yote minne, akasema ameona safari imemfaa na sasa anakwenda. Kapteni aliruhusiwa kusema neno moja la kwaheri. Banda lilichagua, "Asante kwa yote, mzee." Akashuka ngazi na hakugeuka.

Kisha Gasto akaangua kicheko. "Mmemheshimu mpaka ameondoka!"

"Funga mdomo," akasema Janeth. Alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga.

Laurian alitoka bila kuaga. Nilimkuta kiwanjani, anang'oa magugu kwenye mistari ambayo imeshakatwa vichwa. Ardhi inayouzwa haipaliliwi. Nikamuuliza waziwazi: unataka kiwanja kiuzwe?

"Kaka ameshatoa neno."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi ni mdogo, Magreth."

Ana miaka sitini.

Jumatatu, 27 Mei

Gasto ameshinda hoja bandani. Wanaanza upya, na safari hii kapteni atampinga Oro kila mara.

Ijumaa, 31 Mei

Kupiga alizeti kwa Simeoni. Fimbo, turubai, vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Ndugu wawili wanapiga upande mmoja na sauti za fimbo zao zinaanguka pamoja, kama mtu mmoja. Tangu asubuhi hadi jua kichwani sikusikia wakisemezana zaidi ya "shika hapo" na "ndiyo kaka".

Nilikuwa nikimwona Simeoni kuwa jabari na Laurian kuwa mnyonge. Leo Simeoni alimsogezea mdogo wake kivuli cha turubai bila kusema kitu, akabaki yeye juani. Sina hakika tena na maneno yale mawili.

Jumatatu, 3 Juni

Njia ya Gasto haikufika hata nusu. Kapteni alimpinga Oro kwenye njia, kwenye mafuta, kwenye chakula. Oro hakusubiri bandari ya mwisho. Alishuka ya tatu, na kwa kuwa hakuwepo, mlango wa chumba cha matibabu ulikwama na daktari akafia ndani. Janeth amesusa. Amesema harudi mpaka Gasto aombe radhi kwa daktari.

"Niombe radhi kwa picha?"

"Kwa daktari!"

Jumanne, 4 Juni

Gasto ameomba radhi. Ameinuka mbele ya watu, akavua kofia ya pikipiki, akakitazama kioo kilichozimwa na kusema, "Daktari, samahani." Janeth amerudi na vitumbua.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimekaa upande wa kushoto, karibu na kioo, na nimeona jambo ambalo nikiwa nyuma sikuliona. Evodia anasoma majibu mawili. Kwenye kioo yapo matatu.

Nilisubiri mazungumzo mengine, nikatazama vizuri. Matatu. Akasoma mawili.

Watu walipoondoka nikamuuliza.

"Lile la tatu hatulisomi, shangazi. Tulikubaliana tangu mwanzo. Linakuwa ni kumhoji mzee. 'Kwa nini unasema hivyo?' 'Wewe mwenyewe unataka nini?' Lilipotokea mara ya kwanza nilisoma, baba akasema ruka hilo, mzee hahojiwi na mtoto kama yuko polisi. Nikaruka. Nikazoea."

"Kwa watu wengine kwenye meli mnalisoma?"

"Rubani, ndiyo. Daktari, ndiyo. Wale ni rika la kapteni."

Nawaza habari hii kitandani. Kwa hiyo mara tatu wamempoteza mtu wao, na mara zote tatu hawajamuuliza swali hata moja.

Jumamosi, 8 Juni

Nilimweleza Laurian nilichoona. Sikumshauri. Alisikiliza akichonga mpini wa jembe, akauliza, "Yote huwa na la tatu?" Nikasema kwa Oro, ndiyo. Akaendelea kuchonga.

Jioni walianza upya, mara ya nne. Oro alipotokea na shauri lake la njia ya mbali, Evodia akasoma mawili. Laurian akasema, "Soma na lile."

Evodia akageuka. "Baba?"

"Soma na lile jingine."

Akasoma kwa sauti ya chini: "'Mzee, kuna nini kwenye njia hiyo?'"

Gasto akapiga mluzi. Janeth akasema, "Hee." Laurian akasema bonyeza, macho magotini.

Oro alijibu kwa maelezo marefu. Kwenye njia ya karibu kuna mahali meli yake ya kwanza ilipasuka. Alikuwa na mke. Watu walikuwa wamekaa na huyu mzee tangu mwaka jana, na hakuna aliyejua kuwa aliwahi kuoa.

Jumanne, 11 Juni

Sasa ni la tatu kila jioni. Banda halipumui Oro anaposema. Sijui kama ni hadithi nzuri au ni wao wanaoifanya nzuri. Evodia akitafsiri anampa Oro namna ya kusema ya wazee wa hapa, na mara nyingine anaingiza neno la Kinyaturu pale Kiswahili kinapomshinda.

Alizeti ya kiwanjani imeisha. Simeoni ametuma mtu: Gaspari na mwenyekiti wanakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili.

Evodia ameanza kuuliza bei za mabati Singida. Si kwa ajili ya kujenga. Anataka kuyauza ya banda.

Jumamosi, 15 Juni

Bandari ya mwisho. Oro akafungasha tena. Banda likalia kwa sauti moja, "Aaa!" Hata mimi.

Evodia akasoma majibu yote matatu bila kuambiwa. La tatu lilikuwa, "Unataka kuondoka?"

Laurian akanyoosha kidole.

Oro aliweka chini mfuko mmoja, kisha wa pili. Evodia akatafsiri polepole, akisimama kila baada ya maneno machache. "Anasema: Nilidhani ninyi ndio mnataka niondoke. Anasema: Kwenye meli nyingi niliitikiwa kila kitu. Mtu anayeitikiwa kila kitu ni mgeni. Na mgeni hungoja aambiwe siku ya kuondoka, asipoambiwa, anaikisia."

Kisha kiumbe yule akapanda ngazi kurudi ndani.

Banda lililipuka. Gasto alimbeba Janeth juu, na Janeth si mtu wa kubebwa. Evodia alisevu mara mbili, kwa hofu ya umeme. Laurian hakupiga makofi. Aliniuliza tukiwa njiani kurudi, "Machi, kaka aliponiambia habari za Gaspari. Wewe hukuwepo?"

Nikasema sikuwepo.

"Najaribu kukumbuka alivyoanza."

Jumatatu, 17 Juni

Naandika haya mapema, nikiwa bado nasikia maneno yenyewe.

Tulikuwa kwa Simeoni, tunapepeta. Upepo mzuri, makapi yanakwenda upande wa zizi. Laurian aliweka ungo chini.

"Kaka, naomba kukuuliza jambo."

"Uliza."

"Kile kiwanja. Wewe mwenyewe unataka kiuzwe?"

Simeoni alibaki na ungo hewani. Mbegu zikaacha kuanguka.

"Hilo ni swali gani?"

"Ni swali tu, kaka."

"Unanihoji?"

Nilidhani imekwisha hapo. Laurian aliweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Lakini hakuomba radhi. "Ndiyo," akasema. "Nakuhoji."

Simeoni akakaa kwenye gunia. "Machi nilikwambia kuna mtu anakitaka kiwanja. Nikakuuliza unaonaje. Ukasema nini?"

"Nilisema sawa kaka."

"Basi!"

"Nilisema sawa kwa sababu nilijua umeshaamua."

"Nimeamua nini? Ningeamua, ningekuuliza?" Sauti ilipanda hadi mbuzi wakageuka. "Mimi nilikuona umechoka. Nikasema, Laurian ana miaka sitini, mgongo haumwachi, labda anataka pesa yake ampeleke binti yake mjini akafungue duka la maana, anaona haya kuniambia. Nikampa yule mtu neno. Kwa ajili yako!"

"Mimi sijachoka."

"Sasa nitajuaje!"

Wifi Esta alikuwa mlangoni na sufuria. Alicheka hadi akaketi. "Wanaume wawili wazima," akasema, "kila mmoja anamuuzia mwenzake asichotaka kuuza."

Simeoni hakucheka. Alinyanyuka, akajipangusa makapi. "Neno nimeshalitoa. Mbele ya mwenyekiti. Mimi ndiye ninayeitwa watu wakigombana mipaka, kwa sababu neno langu halirudi. Leo unaniambia hutaki, na mtu anakuja Jumamosi?"

Akaenda zizini, na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Jumanne, 18 Juni

Laurian hajala. "Nimemharibia kaka," anasema. Nimemwambia ukweli haujamharibia mtu bado. Akaniambia mimi ni mwandishi, kwangu ukweli ni kazi.

Alhamisi, 20 Juni

Baridi kali asubuhi. Simeoni hajaonekana. Esta ametuma mahindi mabichi ya umwagiliaji bila salamu yoyote, na sijui kama ni habari njema.

Bandani wamefungua sehemu ya tatu. Oro yumo, mzima, na amekuwa msumbufu kupita kiasi: anakosoa mitambo, anakosoa chakula, anamkosoa kapteni mbele ya watu. Gasto anauliza kama kuna namna ya kumshusha. Laurian hakuja.

Jumamosi, 22 Juni

Walikuja saa nne, Gaspari na gari jeupe, mwenyekiti na mhuri wake. Tulikaa kiwanjani, kwenye viti vya banda. Simeoni alikuja kwa miguu akiwa amevaa koti la suti, lile analovaa misibani na harusini. Laurian alimwamkia. Akaitikia bila kumtazama. Evodia alisimama mlangoni mwa banda lake, mikono ndani ya kanga. Nilimwona akihesabu mabati kwa macho.

Gaspari alitoa karatasi. Simeoni akaweka kiganja juu yake kabla haijafunguliwa.

"Bwana Gaspari, nilikupa neno."

"Ulinipa, mzee."

"Nalirudisha."

Mwenyekiti akakohoa. Gaspari akatabasamu kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya utani. "Mzee Simeoni, tatizo ni bei?"

"Si bei. Mdogo wangu hataki."

Sijawahi kumsikia kaka yangu mkubwa akitoa sababu hiyo, kwa jambo lolote, mbele ya mtu yeyote. Nadhani hata mwenyekiti hakuwahi, maana alimgeukia Laurian kuona ni mdogo yupi.

Gaspari naye akamgeukia. Hakuwa mjinga, aliona wapi pa kusukuma. "Mzee wangu, wewe ulinijibu mwenyewe, muda si mrefu bosi. Sasa unamwachia kaka yako aibu hii? Kijiji kizima kitamwita kigeugeu, kwa ajili yako?"

Laurian alifungua mdomo. Nilijua neno lililokuwa likija. Limekuwa likija kwa miaka sitini. Simeoni alikuwa akitazama barabarani. Hakumsaidia, na nilivyomwona, hakumsaidia kwa makusudi.

"Sitaki kiuzwe," Laurian akasema. Ilitoka ndogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Akarudia: "Sitaki. Na aibu yake tutaibeba wawili."

Gaspari alikunja karatasi. Alisema maneno mawili matatu kuhusu wazee wa vijijini ambayo sitayaandika. Mwenyekiti alipoondoka naye alimnong'oneza Simeoni kuwa watu watasema. "Waseme," akajibu Simeoni, lakini koti lilikuwa limeloa mgongoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Najua kesi ya mipaka ijayo huenda wakamwita mtu mwingine. Naye anajua.

Tulibaki sisi. Evodia alikuwa ameshaingia bandani. Nilisikia akisogeza meza, kwa nguvu, bila sababu.

"Haya," Simeoni akasema, akivua koti. "Kiwanja unakitaka. Unakitakia nini?"

Laurian akaanza kwa kusitasita. Alisema alizeti mbele si mahali pake, vumbi la malori linaiharibu. Alisema angeweka mashine ndogo ya kukamua mafuta, banda la Evodia lisogezwe upande wa barabara, nyuma kisima.

"Kisima? Hapa? Baba alichimba hapa akakuta jiwe."

"Alichimba upande ule."

"Alichimba hapa. Nilikuwa nashika kamba mimi, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama."

"Basi kisima kikae kule, choo hapa."

"Choo huwezi kukiweka hapo, upepo unatoka huko. Unataka wateja wako wanuse?"

"Upepo wa Juni ndio unatoka huko. Wa Desemba hautoki huko."

"Nani alikwambia?"

Esta alituma mtu kuita chakula, kisha akatuma tena. Wote wawili walikuwa wamesimama katikati ya mabua, mikono ikielekeza pande tofauti, na hakuna aliyemsikia.